Kisanduku Nilichokinyima Kauli

Mwanangu Somoe,

Sikuulizi hali, maana tunaishi nyumba moja na hali yako naisikia tangu alfajiri. Umeimba ukifua, umeimba ukipanga begi, na sasa umetoka kwenda kuaga. Kwa jinsi ninavyokujua utazunguka Masasi yote, utamuaga mpaka muuza maandazi wa stendi, na utarudi jioni na zawadi ambazo hazitaingia begini. Mama yako yuko sokoni. Nimebaki peke yangu kibandani, katikati ya redio za watu nilizozifungua matumbo, nakuandikia wewe badala ya kuzitengeneza.

Mambo ya chandarua, chakula na marafiki wa chuoni mama yako amekwisha kukueleza, na yaliyobaki atakueleza dirishani mpaka basi liondoke. Mimi hayo siyagusi. Langu ni moja. Nimelikalia miaka kumi kama kuku aliyeatamia yai viza, na nalisema leo kwa sababu unakwenda kusomea kazi ileile niliyoiharibu.

Unakumbuka siku uliyotusomea fomu yako ya chuo? Palikuwa na mahali pa kueleza kwa nini umechagua mawasiliano. Ukasoma kwa sauti kwamba ulipokuwa mdogo kule Chilangala ulimwona baba yako akifunga visanduku kwenye mikorosho, visanduku vinavyosemezana hewani bila waya, na tangu hapo ukataka kujua vinasemezana nini. Ukaendelea kusoma kwamba kimoja kati ya hivyo kilidanganywa na kanga mbichi iliyofungwa juu yake, kijiji kizima kikapoteza msimu, na wewe unataka kutengeneza vyombo visivyodanganyika. Mama yako akapiga kigelegele, ingawa nusu. Mimi nikatoka nje nikasema nakwenda kumfunga mbuzi. Hatuna mbuzi. Nilisimama nyuma ya choo mpaka mlipoanza kula.

Ile habari ya kanga mbichi si kweli. Mimi ndiye niliyekufundisha, na mimi ndiye ninayejua si kweli.

Ngoja nianze mwanzo, maana wakati ule ulikuwa na miaka kumi na mengi yalikupita juu ya kichwa. Nilikuwa fundi wa simu za upepo serikalini, kazi yenye mshahara mdogo na heshima kubwa. Lilipokuja soko huria ofisi zikaanza kupunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Bwana shamba wa Chilangala naye akapunguzwa. Salfa ya kupulizia mikorosho, ambayo zamani tuliingojea serikalini, ikawa kitu cha kununua dukani kama sabuni. Wanunuzi wa korosho wakamiminika, kila mmoja na mizani yake. Kampuni moja kati yao ikafungua ofisi Newala, na ikataka korosho bora kuliko za wenzake.

Adui wa korosho ni ubwiriunga, hilo hata wewe ulilijua. Mikorosho ikichanua na ukungu wa asubuhi ukizidi, unga mweupe unaota kwenye maua, maua yanakauka, mwaka umekwisha. Salfa inasaidia, lakini ina wakati wake. Ukiwahi mno umeupulizia upepo, ukichelewa umepulizia maiti. Zamani bwana shamba alitembea shamba kwa shamba akishika maua, kisha anasema sasa. Baada ya yeye kuondoka hapakuwa na mtu wa kutembea. Kampuni ikaleta visanduku kumi na viwili vya majaribio, vya kupima unyevu, na mimi nikaajiriwa kuvitunza. Ulivibeba kichwani viwiliviwili, ukikataa kusaidiwa.

Somoe, nilivipenda visanduku vile. Kila kimoja hakikuzidi kopo la maziwa ya unga. Ndani palikuwa na kipimo, betri, na redio dhaifu ambayo sauti yake haikuvuka shamba la tatu. Hakuna hata kimoja kilichoweza kufikisha neno Newala peke yake. Na kama kila kimoja kingepayuka kila kilichokipima, betri zingekufa ndani ya wiki. Kwa hiyo vilifundishwa kuzungumza kwa kiasi. Kila kimoja kilipima siku nzima, kikajumlisha vipimo vyake kuwa namba moja, kikawaambia majirani hiyo tu. Kisha kilisikiliza namba za majirani na kusogeza ya kwake kidogo kuzielekea. Vikaambiana tena, vikasogea tena. Baada ya mizunguko mingi vyote vilikuwa na namba moja, ingawa hapakuwa na msimamizi, wala cha kwanza hakikuwahi kuisikia sauti ya cha mwisho. Namba hiyo ilirukia mlingoti wa ghala, ikanifikia ofisini, na mimi niliipeleka ubaoni pale ghalani ili watu wajue wapulizie au wangoje.

Nilipomweleza meneja wa kampuni, alicheka akasema, "Kumbe ni wengi wape tu." Nikamwambia ndiyo, ni wengi wape, ila kwa hesabu.

Palikuwa na jambo moja zaidi. Kila kisanduku kilimpa jirani yake uzito. Jirani ambaye namba zake zinaelekeana na za wengine alisikilizwa zaidi. Anayepingana na wote siku nyingi alisikilizwa kidogo, kwa sababu mara nyingi huyo ameingiwa na maji au sisimizi. Na mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mbele ya kompyuta ya kampuni, niliweza kukiondolea kisanduku uzito wote. Kingeendelea kupima na kusema, lakini hakuna ambaye angekisikiliza. Katika daftari langu nililiita jambo hilo kukinyima kauli. Sharti la kazi lilikuwa kwamba usikinyime kisanduku kauli kabla hujakwenda kukitazama kwa macho yako.

Kisanduku namba saba kilikuwa shambani kwa bibi yako.

Hapa inabidi nikueleze habari ya mimi na bibi yako, mama wa mama yako, maana wewe uliiona kama desturi tu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani moja kwa moja. Neno hupita kwa mtu wa tatu, na kwa miaka yote ile mtu wa tatu alikuwa wewe. Tulikaa hatua tano tu, yeye mlangoni na mimi uani, na wewe ukatembea katikati ukirudia maneno ambayo wote tumekwisha yasikia. Ukichoka ulikuwa unasema, "Si umesikia mwenyewe?" na sisi tunajifanya hatukusikia.

Lakini mimi nilikuwa na aibu yangu iliyozidi desturi. Nilipomwoa mama yako ilinipasa kulima kwa mkwe misimu mitatu, kama walivyolima wenzangu. Nililima mmoja, nikapata kazi ya serikali, nikaahidi nitarudi kumalizia. Sikurudi. Bibi yako hakunikumbusha hata siku moja kwa mdomo. Ila kila nilipofika kwake nilikuta jembe limeegemezwa ukutani, mahali ambapo lazima nilione, mpini umefutwa vumbi. Nikawa natafuta kila hila nisifike, hasa miezi ya kusafisha chini ya mikorosho, maana wakati huo mkwe anayekanyaga shambani haondoki bila kushika jembe. Mtu mzima, mwenye kalamu tatu mfukoni, namkwepa bibi kizee kwa ajili ya jembe.

Shamba lake unalijua. Liko kwenye kile kibonde cha ukingoni, pale uwanda unapoanza kuporomoka kuelekea Ruvuma. Ukungu unapanda kutoka chini, unaingia mle na kutulia mpaka jua liwe kali, wakati mashamba ya wengine yamekauka zamani. Bwana shamba alikuwa anaanzia mle kila mwaka. Mimi nililijua hilo, na bado nilifanya nilichofanya.

Mwaka ule mikorosho ilichanua mapema. Siku nne mfululizo visanduku kumi na kimoja vikasema kukavu, namba saba kikasema kumelowa. Uzito wake ulishuka lakini haukwisha, na kila jioni kiliwavuta wenzake kidogo, makubaliano yakawa hayatulii. Ilinipasa kupanda baiskeli nikakitazame. Siku ya tano ilikuwa Jumanne. Nilifika mpaka mlangoni mwa ofisi, baiskeli mkononi. Nikafikiria uani kwa bibi yako, nikafikiria lile jembe, nikairudisha baiskeli ukutani. Nikakaa, nikabonyeza, nikaandika katika daftari: "Jumanne. Namba saba kibovu. Kimenyimwa kauli."

Jioni ileile vilivyobaki vilikubaliana haraka kuliko siku zote. Makubaliano huja upesi ukimtoa mbishi. Nilijiona fundi, nikapeleka neno liandikwe ubaoni kwamba watu wangoje.

Kesho yake ulikuja wewe. Ulikuwa likizo kwa bibi yako, na jirani alikupakia kwenye baiskeli mpaka Newala. Ulisimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma, kama unavyofanya ukitumwa.

"Shikamoo baba. Bibi anasema ukungu haujaondoka kwake siku tano. Anasema matawi ya chini maua yameanza unga. Anasema uje uone."

Neno lilifika lote, hukulipunguza hata kidogo. Nikaitikia marahaba, nikakupa pipi, nikasema umwambie bibi nitakuja, na asikiguse kile kisanduku.

Sikwenda. Alhamisi sikwenda, Ijumaa sikwenda. Jumamosi ulikuja tena, ukaniambia kwamba jana yake bibi amekifunga kisanduku kwa kanga mbichi. Nikapandisha sauti: unaona sasa, ndiyo maana kinasema uongo! Nilijua fika kwamba kanga ilifungwa Ijumaa na kauli nilikwisha iondoa Jumanne. Lakini mtu mwenye kosa akipewa sababu ya kukasirika huishukuru, na mimi niliishukuru kweli.

Ubwiriunga ulianzia kwenye kibonde cha bibi yako, ukapanda na upepo shamba kwa shamba. Vile visanduku vingine vilipoanza kusema kumelowa, maua ya nusu ya kijiji yalikuwa yamekwisha geuka. Watu walikuwa na salfa ndani ya nyumba, haijafunguliwa, kwa sababu ubao wangu uliwaambia wangoje. Walipulizia hivyo hivyo. Nilimwona mzee mmoja akipulizia mti ambao hauna ua hata moja.

Mkutano uliitwa uwanja wa ghala. Unaukumbuka, najua, ingawa hujawahi kuutaja. Wanaume walisimama, wanawake wakaketi upande wao, bibi yako miongoni mwao. Mtu mmoja akauliza: namba saba iko kibondeni, mahali ambapo unga huanza kila mwaka, mbona haikusema kitu? Meneja akanigeukia. Niliona kazi yangu ya pili inakwenda ilikokwenda ya kwanza. Nikasema kisanduku kiliguswa, kikaanza kusema uongo, ikabidi kinyimwe kauli. Wakauliza kiliguswa na nani. Sikutaka kulitamka jina la mama mkwe wangu mbele za watu, mimi mtu wa heshima. Nikakuita wewe.

"Somoe, uliona nini kwenye kisanduku cha bibi?"

"Kanga."

"Kanga ya nani?"

"Ya bibi."

Watu wakaguna. Hakuna aliyeuliza ni siku gani. Daftari lilikuwa kwapani mwangu, na siku ilikuwa imeandikwa humo kwa mwandiko wangu. Bibi yako asingeweza kumjibu mkwewe hadharani. Nililijua hilo na nilitegemea hilo. Alikutazama wewe, si mimi. Kisha akajifunika kanga yake kichwani.

Niliogopa kufukuzwa kazi, nikamchukua mtoto wa miaka kumi nikamsimamisha mbele ya kijiji amsemee bibi yake. Sina neno zuri la kulifunika.

Yaliyofuata ulikuwa mdogo kuyaona yote. Walimwita Bibi Kanga. Kwenye foleni ya maji wanawake walisogeza ndoo zao mbali na yake. Kusafisha chini ya mikorosho, kazi ambayo majirani walikuwa wakisaidiana, akaachiwa peke yake, akawa anatoka jua likichomoza na kurudi limezama. Kampuni ilikaa msimu mmoja zaidi ikafunga virago, visanduku vikabaki ghalani. Sisi tukahamia huku Masasi. Mama yako alimwomba mamaye tuhame naye, akakataa. Alisema akihama watasema amekimbia. Tangu hapo mama yako hupanda Chilangala kila mwezi, na kila akitaka kwenda na wewe ulikuwa na mtihani. Siku moja ulimwambia waziwazi kwamba bibi ameharibu mali za watu kwa ukaidi na wewe huna la kumwambia. Mama yako akanitazama mimi. Nikasema mwacheni mtoto asome. Na watu wa mtaani walinisifu, wakasema Baba Somoe anapenda elimu.

Nilipata nafasi nyingi za kusema. Kubwa kuliko zote ni ulipokuwa kidato cha pili, uliporudi na swali la sayansi: inawezekanaje kanga ikidanganye kipimo cha unyevu? Ulikuwa umelifikiria mwenyewe, na ukasema jambo la akili sana. Ulisema, "Lakini baba, kama kanga ilifungwa mwishoni, kile kisanduku kilisemaje kabla?" Umesahau kwamba uliuliza hivyo. Mimi sijasahau. Nikachukua karatasi nikakuchorea mchoro, kanga hapa, mvuke hapa, kipimo hapa, na mishale. Ukauamini kwa sababu ulichorwa na baba. Ukaubandika ukutani juu ya kitanda chako, na ukakaa pale miaka miwili.

Kuhusu kazi yenyewe, unakokwenda wako wanaojua kuliko mimi. Nitasema niliyoyaona tu. Hesabu ya vile visanduku haikukosea. Vile kumi na kimoja vilipima juani, cha saba kilipima kibondeni, na vyote vilisema kweli. Wastani wa wengi ni jambo jema kama wengi hao wanapima kitu kimoja. Sisi hatukuwa tunapima kitu kimoja, na mimi niliyezijua njia za kijiji kwa miguu nilijua hivyo kabla ya kompyuta. Nilichagua kutojua. Utapewa uwezo kama ule niliopewa, mkubwa zaidi, wa kumnyamazisha aliye mbali bila kuinuka kwenye kiti. Sijui utaufanyia nini. Mimi uwezo ule ulinikuta mahali pangu pabaya, napo ni uvivu uliovaa utaalamu.

Juzi niliwaambia nakwenda Newala kutafuta vipuri. Nilikwenda Chilangala.

Bibi yako amezeeka sana. Nilipiga hodi kwa mbali kama inavyopasa, na hapakuwa na mtu wa tatu. Shamba lilikuwa limeota majani mpaka magotini. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikatafuta jembe mwenyewe, nikalima chini ya mikorosho yake mpaka adhuhuri, viganja vikatoka malengelenge kama vya mtoto wa shule. Hakutoka kunitazama. Nilipomaliza alikuwa ameketi mlangoni, kuku wake mmoja anadonoa karibu na miguu yake. Nikakaa uani nikampa mgongo, nikasema yote kwa sauti, kama mtu anayejisemea. Nikasema Jumanne, nikasema Ijumaa, nikasema daftari, nikasema mkutano.

Bibi yako akamwambia kuku.

"Wewe kuku, mwambie Baba Somoe nilijua. Nangu, mimi, kusoma sijui, lakini siku najua kuzihesabu. Nilikifunga kanga kwa sababu alinikataza kukigusa. Nilisema huyu haji kwa kuitwa, labda atakuja kwa kuudhiwa."

Ningecheka kama si kwamba nilikuwa nalia. Nikamuuliza yuleyule kuku, mbona hakujitetea? Mbona hakumtuma binti yake, mama yako, aseme ni siku gani?

"Ningesema, mwongo angekuwa nani?" akasema. "Si mtoto? Pale mbele ya watu wote? Jina baya la mzee halina safari, linaishia kaburini. La mtoto lingemfuata mpaka shuleni."

Basi ndiyo hiyo, Somoe. Huyo bibi mkaidi uliyekuwa huna la kumwambia alilibeba jina lile miaka kumi ili lisikuangukie wewe. Aliona haraka kuliko mimi kwamba nimekuweka mahali ambapo lazima mmoja wenu aonekane mwongo, naye akachagua. Mimi baba yako sikuwa nimeliona hilo mpaka juzi, kwa kuambiwa kupitia kuku.

Nikamwambia kwamba unakwenda chuo, na kwamba nataka nikueleze ukweli kabla hujaondoka. Hapo akaiacha desturi. Alinigeukia uso, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akasema na mimi mwenyewe.

"Usimwambie, baba. Mwache aende mwepesi."

Nilirudi na neno hilo kifuani. Jana nilimweleza mama yako kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama yangu mzazi, Baba Somoe," na hajasema na mimi tena. Ile chai ya leo asubuhi uliyolalamika haina sukari, haikusahaulika. Nami nimekunywa vikombe viwili.

Nimefikiri kutwa nzima kama nimtii bibi yako. Ni agizo la mkwe, na limetoka kwa mapenzi. Lakini nikilitii nitakuwa nimemtii mahali pamoja tu, pale panaponifaa mimi. Ungekwenda mwepesi kweli, ungerudi na shahada, na siku moja ungelipata jibu la lile swali lako la kidato cha pili peke yako, yeye akiwa ameshazikwa. Kwa hiyo nimevunja neno lake. Hilo nalo ni juu yangu.

Sikia jambo moja kabla hujaanza kujilaumu, maana nakujua. Ulichokisema pale uwanjani kilikuwa kweli. Uliulizwa ulichokiona, ukasema ulichokiona. Uongo ulikuwa kwangu, katika kuuliza nilichouliza na kuacha nilichoacha. Usijitwishe hata chembe. Ijumaa ijayo, baada ya swala, mwenyekiti wa Chilangala ataita watu, nami nitasimama na lile daftari mkononi niwasomee siku kwa siku. Nilitaka wewe ulijue kabla yao. Nisamehe, mwanangu. Ukishindwa, nitaelewa, na sitakuuliza mara ya pili.

Tiketi yako nimeibadilisha. Basi lako la Dar es Salaam si la kesho tena, ni la keshokutwa, na chuo hakifunguliwi mpaka Jumatatu. Kesho asubuhi gari za kupanda Newala zipo, za kwenda na za kurudi. Utakwenda na mama yako, au peke yako, au hutakwenda. Bibi yako hajui lolote kuhusu barua hii na hakungoji. Mimi sikutumi, Somoe. Nimekutuma vya kutosha.

Ila kama utakwenda, ujue kwamba ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Mimi alinitambua kwa kikohozi. Usisimame mlangoni ukingoja akujue. Taja jina lako, utaje mara mbili. Sauti yako aliisikia mara ya mwisho ukiwa na miaka kumi, ukijibu maswali yangu.

Baba yako